Pengo la Gene Lasko

Juni 9
Bernie, mpishi wetu, amenipa daftari hili. Ati ninayotaka kusema niyaandike humu, nisimsimulie yeye akiwa anakata vitunguu. Nikamwambia shule niliishia darasa la nane. Akasema, "Kaz, mdomo wako una digrii tatu. Mkono nao utajifunza." Haya basi. Naitwa Kazimierz Wojtala, umri miaka sabini na saba, fundi wa ngoma katika kikosi cha ngoma na matarumbeta cha Sturgeon Mills, Wisconsin, vijana wanaozunguka kiangazi kizima wakishindana viwanjani. Nakaza ngozi, nabadilisha waya, naunga mikanda iliyokatika, na natukana kila mtu kwa usawa bila ubaguzi.

Tumelala sakafuni katika ukumbi wa michezo wa shule. Vijana mia na hamsini, soksi mia tatu. Zaidi ya hapo siandiki.

Juni 12
Mvua. Wamefanya mazoezi humo humo.

Juni 15
Ngoma za waya mwaka huu ni nane. Ni zile za kifuani, zinazolia kama bisi kwenye kikaango. Wapigaji ni tisa. Wa tisa ni wa akiba, Pahoua Xiong, ambaye wazazi wake wanalima jinsengi, mizizi ya dawa, karibu na Wausau. Wa akiba anajifunza kila pigo na kila hatua, kisha onyesho likianza anabeba maji. Huu ni mwaka wake wa tatu wa akiba, tena wa mwisho, kwa sababu ukitimiza ishirini na mbili sheria inakutoa. Atazitimiza Septemba.

Uso wake mkali kama siki. Amekuja leo kwenye turubai langu la ufundi.

"Babu Kaz, ngozi yangu imelegea."

"Yangu pia, binti, na hakuna wa kuikaza."

Hakucheka. Alingoja nimalize kazi, akasema, "Naomba usiku na mchana mmoja wao avunjike mguu. Ni dhambi?"

"Inategemea mguu wa nani."

Hapo alicheka kidogo, upande mmoja tu wa mdomo.

Juni 22
Onyesho la kwanza, Madison. Tumekuwa wa nne kati ya vikosi vitano. Cha tano basi lake liliharibika njiani.

Juni 28
Joto la kuyeyusha gundi. Wakati wa chakula wapiga ngoma walinizunguka na sahani zao, wanataka hadithi. Nikawapa ya Toledo, mwaka sitini na tano, mvua ilipojaa kwenye matarumbeta makubwa mpaka tukiinama yanamimina kama birika. Stan Gorecki kiatu chake kilizama kwenye matope, akamaliza onyesho na soksi. Siku hizo waamuzi walitembea katikati yetu na karatasi, wakihesabu makosa. Mmoja akamkata Stan alama kwa kiatu kilichopotea, kisha akamkata nyingine kwa soksi kuwa na tundu.

"Sasa ya Gene," akasema Cody Amundson, nahodha wa ngoma.

Ya Gene nawapa kila mwaka. Gene Lasko, mpigaji bora tuliyewahi kuwa naye, alicheza nasi gwaride la Julai nne, siku ya uhuru, mwaka sitini na sita, na kesho yake akaenda jeshini. Mimi nilikuwa wa akiba, najua kila pigo lake. Lakini pale Marion, Ohio, sikuingia. Nikamwachia nafasi yake. Wakatembea saba badala ya wanane, na pengo katikati, na uwanja mzima ukasimama. Novemba Gene akauawa Vietnam. Tangu siku hiyo sheria yetu ni hii: mtu akianguka kabla ya Julai nne, wa akiba anaingia. Akianguka baada yake, nafasi inabaki tupu mpaka mwisho wa msimu. Walio kulia na kushoto wanapima umbali kana kwamba yupo. Hakuna anayekanyaga pale. Na kabla ya kila onyesho, kuwe na pengo kusiwe nalo, kila mpigaji anapita mbele yangu na kugonga ukingo wa kofia yangu mara mbili kwa vijiti.

Walilia, kama kawaida. Pahoua hakulia. Aliuliza, "Ulikuwa unajua kila pigo?"

"Kila pigo."

"Na hukutaka?"

Nikamwambia ale maharage yake.

Julai 2
Trevor Maki, ngoma ya tano, amekuja turubaini anachechemea. Alivua kiatu, nikaona mguu umevimba juu ya vidole, wa zambarau.

"Nenda kwa daktari wa kikosi," nikamwambia.

"Babu, nikienda wananitoa leo leo. Pahoua amekaa kama mwewe. Nifunge tu, kama unavyofunga mikanda."

Nikamfunga. Nilitumia utepe mpana wa ngoma, mizunguko sita, na kipande cha sponji chini. Kazi safi. Akaruka ruka, akanikumbatia. Mzee akikumbatiwa anakuwa mpumbavu.

Julai 4
Gwaride la nyumbani Sturgeon Mills. Soseji, bendera, watoto wenye nyuso za bluu. Trevor alitembea maili mbili akitabasamu kama mtu anayekanyaga misumari.

Julai 6
Mguu wa Trevor umevunjika. Ilikuwa katikati ya onyesho, wakati wa kurudi nyuma kwa kasi. Nilisikia ngoma moja ikinyamaza kabla sijaona lolote. Alimaliza kwa goti. Watu wakapiga makofi, wakadhani ndivyo ilivyopangwa.

Mkurugenzi wetu, Halvorsen, alitukusanya kwenye maegesho. Ni mtu wa sauti laini, anazungumza kama anauza jeneza. "Ni Julai sita," akasema. "Wote mnajua maana yake." Mara ya mwisho ilikuwa miaka tisa iliyopita. Wengine walianza kulia palepale, kwa furaha nadhani.

Pahoua alikuwa ameshavaa mkanda wa ngoma. Alikuwa ameuvaa tangu Trevor aanguke, na alisimama nao mgongo wima kama askari wa zamu. Halvorsen aliposema neno "pengo" alianza kuufungua. Kifungo cha kushoto kilimkatalia. Nilikwenda kumsaidia, akasema, "Niache."

Julai 9
Mazoezi, joto. Pahoua kwenye ndoo za maji.

Julai 10
Vivyo hivyo.

Julai 13
Onyesho la kwanza na pengo, huko Iowa. Mtangazaji alisoma maneno: "Kwa Gene Lasko, na kwa rafiki aliyemwachia nafasi." Watu elfu nne wakasimama. Kamera ikanitafuta. Nikavua kofia.

Nilipogeuka, Pahoua alikuwa nyuma yangu na mkokoteni wa maji. Mikono kwenye mpini, lakini vidole vilikuwa vinapiga. Onyesho zima, kila pigo, kwenye mpini wa mkokoteni.

Julai 14
Nimemwambia Bernie yule msichana ana kiburi. Bernie akasema, "Ana njaa. Umesahau tofauti."

Julai 17
Dhoruba. Tumekaa ndani ya mabasi saa tano. Nilishinda dola sita kwa karata, lakini moyo unanitafuna.

Julai 20
Leo ni siku ya kuzaliwa ya Loretta, mke wangu. Angetimiza sabini na tano. Ana miaka minne kaburini, na alikuwa dada yake Gene. Kwa hiyo naandika, maana hakuna tena wa kumuumiza ila mimi.

Marion, Ohio, Julai 9, 1966. Nilivaa sare ya Gene. Suruali ilikuwa ndefu, mama yake mwenyewe aliipindisha kwa pini. Nilikuwa najua kila pigo, hilo si uongo. Tukajipanga mstari wa kuanzia. Nikaangalia chini. Vijiti vilikuwa vinagongana vyenyewe. Mwalimu wetu Lud Nowak akapita akikagua, akasema, "Lasko anakuangalia, usituaibishe." Alitaka kunitia moyo, mjinga yule. Nikasema nakwenda kujisaidia. Nikaenda nyuma ya basi nikakaa chini kati ya matairi mawili, na ngoma magotini. Niliwasikia wakiniita. Nilimsikia Lud akitukana kwa Kipolandi. Kisha nikasikia wakiingia bila mimi.

Hiyo ndiyo kafara yangu niliyomtolea rafiki. Nilijificha kama panya.

Mtangazaji hakujua kitu, ila kwamba kijana wetu mmoja ameitwa vitani. Akaona saba na nafasi katikati, akajitungia: wamemwachia ndugu yao mahali. Uwanja ukasimama. Lud alikuja nyuma ya basi mkono uko juu tayari kunizaba, lakini kabla haujashuka bibi mmoja kutoka jukwaani alinifikia, akanibusu, akaniita mtoto mwema. Lud akashusha mkono. Akasema, "Umepona. Sasa funga domo maisha yako yote."

Gene aliniandikia barua moja tu. "Nimesikia mliniachia nafasi. Kaz, wewe ni mtu." Kisha Novemba ikafika. Baada ya hapo ungesema nini? Ungemwambia nani? Mama yake? Loretta alinichagua mimi akawaacha wanaume wenye sura na magari, na alisema wazi sababu: huyu ndiye aliyemwachia kaka yangu nafasi. Miaka hamsini na moja tumelala kitanda kimoja juu ya neno hilo. Lud alikufa, wote walikufa. Nikabaki mimi na kofia.

Na kila baada ya miaka kadhaa mtoto fulani anabeba maji kwa sababu mimi niliogopa.

Julai 23
Nimeyasoma niliyoandika. Mwandiko mbaya.

Julai 27
Nimemwambia Halvorsen. Nilimfuata kwenye gari lake dogo, lile lenye kiyoyozi. Nikamwambia yote, matairi, pini, Lud. Alisikiliza mikono ikiwa kwenye usukani ingawa gari halikuwa linakwenda.

"Funga mlango, Kaz."

"Nimeshafunga."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Mungu, na Mungu hana haraka."

Akavuta pumzi. "Hata kama ni kweli, huo ni ukweli wa mtu mmoja. Pengo ni la watu wengi. Wapo wazazi waliopoteza watoto vitani, wanakuja kuliona hilo tu. Nikawaambie nini? Kwamba mtu alikuwa na tumbo la kuhara?"

"Sikuharisha. Niliogopa."

"Ni umri, rafiki yangu. Watu wa umri wako wanaanza kujilaumu kwa mambo ya zamani. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo."

"Na msichana?"

"Pahoua ni imara."

"Jiwe pia ni imara. Ndiyo maana tunalikanyaga."

Aliniambia nipumzike, ninywe maji mengi.

Julai 30
Tennessee. Tumekuwa wa pili. Watu walisimama. Kofia, kamera, machozi.

Agosti 3
Niliona mkuu hasikii, nikaenda kwa watoto. Nikawaita wapiga ngoma wote turubaini, na Trevor na magongo yake. Pahoua nikamtuma barafu, nisimwaibishe. Nikawaambia kama nilivyomwambia Halvorsen, bila chumvi, na mtu anayenijua anaelewa ilivyo kazi kwangu kupika bila chumvi.

Kisha Cody Amundson akanikumbatia. Analia!

"Babu," anasema, "hata leo bado unataka kumwachia mtu nafasi yako."

"Sikuwa na nafasi, bwege wewe! Nilikuwa kati ya matairi!"

"Ndivyo shujaa anavyosema."

Nikawaangalia mmoja mmoja. Wawili wamechora pengo mkononi kwa wino wa kudumu, mistari saba na uwazi. Nikasema, pigeni kura, Pahoua aingie au pengo libaki. Mikono saba ikapanda juu kwa ajili ya pengo. Na wa nane, Trevor, ambaye haruhusiwi kupiga kura, alipandisha gongo.

Nimeishi miaka hamsini na nane nikiogopa watu watajua. Sikuwahi kuogopa kwamba nitawaambia na wasiamini.

Agosti 4
Pahoua alikuja amebeba mfuko wa barafu, akauweka mezani kwangu kwa kishindo.

"Cody amenisimulia. Ati umejitukana kwa ajili yangu."

"Nilisema kweli."

"Najua. Niliona siku ile ya maharage. Mtu anayejua kila pigo, hawezi kutotaka." Akakaa juu ya sanduku la ngoma. "Lakini Babu, hata wangekuamini, ingesaidia nini? Wangekusamehe. Mimi ningebeba maji."

Hapo ndipo mdomo ulipofunguka wenyewe. Nikamwambia habari ya mguu wa Trevor. Utepe, mizunguko sita, sponji.

"Tarehe ngapi?"

"Mbili. Julai mbili."

Akahesabu kwa vidole. Mbili, tatu, nne. Vidole vitatu tu.

"Aliumia kabla ya Julai nne," akasema polepole. "Kwa sheria yenu wenyewe ni nafasi yangu. Hakuna haja ya Gene. Hakuna haja ya Ohio. Ungesema hilo tu, Julai sita, pale kwenye maegesho. Nilikuwa nimeshavaa ngoma."

"Najua."

"Hujui. Wiki nzima unakwenda kwa huyu na kwa yule unaungama, na umeanza na ile inayokuhusu wewe."

Nina jibu la kila kitu, muulizeni Bernie. Hapo nikachukua ngoma nikakaza ngozi iliyokwisha kukazwa.

"Nenda kwa Halvorsen," akasema. "Sasa hivi. Nitakungoja hapa."

Nikaenda. Naapa nilikimbia, na goti langu hili. Halvorsen akamwita Trevor. Trevor akaja na magongo, akanisikiliza akiangalia ardhi, kisha akasema kwa upole kabisa, "Bosi, Babu Kaz amechanganyikiwa. Mguu ulivunjika tarehe sita. Juzi alituambia aliwahi kujificha nyuma ya basi."

Halvorsen akaweka mkono begani kwangu. Mkono mwepesi, kama wa nesi.

Niliporudi turubaini, Pahoua alikuwa bado amekaa juu ya sanduku. Aliniangalia nikija kutoka mbali, na sikuhitaji kusema.

Agosti 5
Bernie amenipikia supu bila mimi kuomba. Kumbe kambi nzima imeambiwa niangaliwe.

Agosti 7
Mvua tangu Illinois. Trevor haniangalii. Simlaumu sana. Ana miaka kumi na tisa na amepata pengo lenye jina lake. Mimi nilikuwa na umri huohuo.

Agosti 10
Indianapolis, fainali. Uwanja mkubwa wenye paa, baridi kama friji. Wapiga ngoma walipanga mstari wapite mbele yangu. Nilivua kofia nikaikalia. Cody akasita, vijiti hewani. Kisha akagonga bega langu mara mbili, na wote wakafuata. Wakaona ni jambo zuri zaidi.

Sikuingia ndani. Nilizunguka nyuma kwenye malori. Pahoua alikuwa pale kati ya lori la jikoni na lori la ngoma, amevaa sare kamili. Sare ya akiba hushonwa kila mwaka na haivaliwi. Ngoma kifuani. Juu ya ngozi alikuwa ametandika taulo, asisikike.

"Wanaanza saa ngapi?" akauliza.

"Dakika mbili."

"Basi nenda, Babu."

"Nataka kukuona."

"Mtu mmoja akiniona, watasema nilionekana, basi yamekwisha." Alikuwa anakaza kifungo cha kushoto. Safari hii kilikubali. "Nenda."

Nikaenda mpaka upande wa pili wa lori, si mbali zaidi. Ndani mtangazaji akasoma jina la Gene, kisha langu. Watu elfu ishirini wakasimama, ukuta wa zege ukatetemeka. Na mimi nikasikia viatu kwenye lami, kulia, kushoto, kurudi nyuma kwa kasi, na vijiti juu ya taulo. Dakika kumi na moja. Nimekaa na waamuzi wa zamani, nahesabu makosa nikiwa usingizini. Hakukuwa na la kuhesabu.

Tumeshinda, tena kwa sehemu moja ya kumi ya alama. Halvorsen alinibusu.

Agosti 11
Kwenye basi kurudi nyumbani. Ni desturi kwamba wanaotimiza umri wanasimama mmoja mmoja karibu na dereva, wanageukia wenzao na kusema neno la kuaga. Huwa nawazomea kutoka kiti cha mbele ili wasilie sana. Walikuwa kumi na wanne. Cody alizungumza dakika ishirini, akamshukuru Mungu, mama yake, Gene na mimi. Wakapiga makofi mpaka basi likayumba.

Pahoua alikuwa wa mwisho. Alisimama akashika chuma cha kiti changu, bila kunigusa.

"Mimi sina la kusema," akasema. "Sikuwepo."

Akarudi kukaa. Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi kwa mazoea, kisha akaacha.